Jina la Fundi na Jina la Karakana

Msomaji, ukitoka Lodwar ukashika njia iendayo Kerio, utapita mchanga, mawe na miiba kwa mwendo mrefu, kisha kwa mbali utaona mstari wa kijani. Mstari huo ni mikoma iliyojipanga kando ya mto Kerio, mto unaoteremka kutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa na kwenda kumwagika katika Ziwa Turkana. Mkoma ni mti wa thamani kubwa katika nchi kavu. Tunda lake huliwa, makuti yake huezekea nyumba, na majani yake machanga huchanwa, hukaushwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa vikapu. Kazi hiyo ya kusuka ni ya wanawake.

Sasa chukua kikapu kimoja ukifuate safari yake. Pale kiliposukwa, msukaji wake anajulikana kwa jina lake na la mama yake, na jirani akiona mpango wa rangi na ukazaji wa chane husema bila kusita, "Hii ni kazi ya fulani." Kikifika Lodwar, kinaitwa kikapu cha Kerio. Kikifika Nairobi, kinaitwa kikapu cha Kiturkana. Kikivuka bahari, kinaitwa kikapu cha Afrika. Katika kila kituo bei yake hupanda, na katika kila kituo jina la msukaji huzidi kufifia, hata mwisho wa safari, mahali ambapo bei ni kubwa kabisa, jina halipo tena.

Insha hii yahusu majina yaliyofifia namna hiyo, hasa majina ya wanawake waliochora picha katika karakana walizoshirikiana na wanaume. Waweza kuuliza, picha za rangi za Ulaya zina uhusiano gani na kikapu cha Kerio? Nakuomba subira. Mambo yaliyotukia huko yameandikwa katika hati za chama, za mahakama na za mirathi, na kwa hiyo twaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Tukisha kuyaelewa, tutarudi kwetu tukiwa na macho yanayoona vizuri zaidi.

Kwanza yafaa tujue karakana ya picha ilikuwa kitu gani. Katika Ulaya ya miaka ya 1500 na 1600, mchoraji hakuwa mtu wa kukaa peke yake akingoja fikira njema imjie. Alikuwa fundi mwenye duka, kama seremala au mhunzi. Alikuwa na wanagenzi waliomsagia rangi na kumtandikia turubai, na walioendelea zaidi walichora mavazi, mawingu au mikono. Mkewe na binti zake nao walikuwamo nyumbani humo, na wengi wao walijua kazi kwa sababu walizaliwa ndani yake. Picha ilipomalizika, iliuzwa kwa jina la mkuu wa karakana. Jina lile lilikuwa kama chapa ya kiwanda. Lilimwambia mnunuzi kwamba kazi imetoka katika nyumba inayoaminiwa. Halikumwambia ni mkono wa nani ulioshika brashi.

Desturi hiyo haikuwa uovu wenyewe. Hata kwetu tunayo mfano wake. Eduardo Saidi Tingatinga alichora picha zake Dar es Salaam kwa miaka michache tu, akafa mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea na kazi, na hata leo picha za namna ile huitwa Tingatinga, ingawa nyingi zimechorwa na watu ambao hawakupata kumwona. Jina la mtu limekuwa jina la mtindo. Hakuna aliyedanganywa, maadamu mnunuzi anajua hivyo. Udanganyifu huanza pale jina la karakana linapochukuliwa kuwa ni jina la mkono, na mikono mingine yote ikasahauliwa kana kwamba haikuwapo.

Katika kusahauliwa huko wanawake walitangulia. Sababu zake ni za kawaida, na mtu yeyote aweza kuzielewa. Vyama vya mafundi aghalabu viliandikisha wanaume, na asiyeandikishwa hakuwa na haki ya kuuza kwa jina lake. Binti alitumia jina la baba, mke akatumia jina la mume, kwa hiyo jina lake mwenyewe halikuonekana katika hati. Tena wafanyabiashara wa picha walijua kwamba jina la mwanamume mashuhuri huleta fedha nyingi kuliko jina la mwanamke asiyejulikana, nao hawakuona taabu kuchagua. Mwisho wakaja wanazuoni. Hao waliposoma jina lililoandikwa na mfanyabiashara, waliliandika vitabuni, na kilichoandikwa kitabuni kikawa kama kweli.

Hebu tutazame mfano wa kwanza. Judith Leyster alizaliwa mwaka 1609 katika mji wa Haarlem, Uholanzi. Baba yake hakuwa mchoraji. Alikuwa na kiwanda cha pombe. Hata hivyo binti alijifunza kuchora, na mwaka 1633 akakubaliwa katika chama cha wachoraji wa mji ule, heshima ambayo wanawake wachache sana waliipata. Alifungua karakana yake mwenyewe, akapokea wanagenzi wa kiume. Mwaka 1635 mwanagenzi mmoja alimtoroka akahamia kwa Frans Hals, mchoraji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika Haarlem. Judith hakunyamaza. Alipeleka mashtaka mbele ya chama akidai haki yake. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana lathibitisha kwamba watu wa mji wake walimjua kuwa ni bingwa mwenye karakana, aliyeweza kusimama akashindana na Hals uso kwa uso.

Alikuwa na namna yake ya kutia sahihi. Jina Leyster lilitokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya nyota iongozayo mabaharia. Kwa hiyo aliandika herufi J na L zilizoshikana, na kando yake akachora nyota. Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji mwenziwe, Jan Miense Molenaer. Tangu hapo picha zenye nyota zikawa chache mno. Alifariki mwaka 1660, na mumewe akafuata mwaka 1668. Mali ya nyumba ile ilipoorodheshwa, baadhi ya picha ziliandikwa kuwa ni kazi ya "mke wa marehemu." Jina la Judith halikuandikwa. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu kifo chake, na tayari mtu aliyekuwa na karakana, wanagenzi na nyota yake mwenyewe alikuwa amegeuka kuwa mke wa fulani.

Yaliyofuata hayashangazi. Picha zake zilitawanyika masokoni. Kwa kuwa zilifanana na za Hals katika uchangamfu wa nyuso na wepesi wa brashi, zikauzwa kwa jina la Hals. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili Judith Leyster alikuwa kama hakuzaliwa. Kisha katika miaka ya 1890 picha moja yenye tarehe ya 1630, inayoonyesha mwanamume na mwanamke wakinywa na kufurahi, ikawa sababu ya ugomvi katika mji wa London. Ilikuwa imenunuliwa kwa fedha nyingi kama kazi bora ya Hals. Ilipochunguzwa sana, ilionekana kwamba chini ya sahihi ya Hals palikuwa na sahihi nyingine: herufi mbili zilizoshikana, na nyota.

Wafanyabiashara walipelekana mahakamani. Ugomvi wao ulikuwa juu ya fedha, wala haukuwa juu ya heshima ya marehemu. Picha ilikuwa ile ile, rangi zile zile, nyuso zile zile zenye furaha. Lakini aliyeinunua aliona amepunjwa, kwa kuwa alilipia Hals akapewa Leyster. Mwaka 1893 mwanazuoni wa Kiholanzi, Cornelis Hofstede de Groot, aliandika juu ya sahihi ile, akaonyesha picha nyingine kadhaa zilizokuwa na alama hiyo hiyo. Hivyo fundi aliyepotea akaanza kurudi. Leo picha ile imo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, na jina lililo chini yake ni la Judith Leyster.

Mfano wa pili una mafunzo ya namna nyingine, kwa sababu ndani yake hapakuwa na nyota iliyofichwa. Mwaka 1917 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalipokea picha kubwa ya msichana wa Kifaransa, Charlotte du Val d'Ognes. Msichana amekaa mbele ya dirisha, mwanga unatoka nyuma yake, na mapajani ameweka ubao wa kuchorea. Kioo kimoja cha dirisha kina ufa. Picha hiyo ilipokewa kama kazi ya Jacques-Louis David, mkuu wa wachoraji wa Ufaransa wa zama zile, watu wakaisifu kwa sifa zote anazostahili mkuu.

Mwaka 1951 mwanazuoni Charles Sterling alionyesha kwamba haielekei kuwa ya David. Hoja yake kubwa ilikuwa ya tarehe na mahali. Mchoro wa zamani unaoonyesha ukumbi wa maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1801 unaionyesha picha ile imetundikwa ukutani, na katika maonyesho ya mwaka huo David hakuleta kazi yake. Basi picha haikuweza kuwa yake. Hoja hiyo ilikuwa imara kama mwamba. Sterling alikisia kwamba huenda mchoraji alikuwa mwanamke, Constance Charpentier. Lakini hapo hapo akaanza kuona katika picha ile udhaifu uliofichwa kwa werevu, na uzuri wa namna aliyodhani kuwa ni ya kike.

Zingatia ajabu hii. Ilipodhaniwa kuwa ya David, hakuna aliyeona udhaifu. Jina lilipobadilika, macho nayo yakabadilika, ingawa hakuna tone moja la rangi lililobadilika. Katika miaka ya 1990 mwanazuoni mwingine, Margaret Oppenheimer, aliifuata kazi ile kwa subira zaidi, akatoa ushahidi unaoielekeza kwa Marie-Denise Villers, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1774 katika jamaa ya dada wachoraji, naye alikuwa miongoni mwa walioonyesha kazi zao Paris katika miaka ile. Makumbusho ya Metropolitan sasa yanaitaja picha hiyo kwa jina la Villers.

Katika habari hizi mbili twaona kosa la namna mbili. La kwanza ni la mtu anayejua kweli akaifunika kwa rangi ili apate fedha. La pili ni la watu wema wasiokusudia kudanganya, ambao mazoea yao yamewaambia jibu kabla ya kuuliza swali. Kosa la kwanza lataka mahakama. La pili lataka elimu, na ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu aweza kulitenda akidhani anasema kweli.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Katika eneo la Katanga, kusini-mashariki ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili husemwa tangu zamani, kuna mji wa Bukama kando ya mto Lualaba. Reli iliyotoka Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ilifika hapo mwaka 1918. Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, Georges Thiry, alikuwa Bukama. Alivutiwa na picha alizoziona zimechorwa katika kuta za nyumba. Aliona pia kwamba picha za ukutani hazidumu; mvua huziosha, na nyumba ikibomoka huenda nazo. Basi akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji.

Miongoni mwao walikuwapo mume na mke, Albert na Antoinette Lubaki. Albert alijulikana kwa kuchonga pembe za ndovu. Wote wawili walichora katika karatasi: watu, ndege, wanyama, miti, na mambo ya hadithi. Thiry alizipeleka kazi hizo Ubelgiji, ambako Gaston-Denys Périer, mtumishi katika wizara ya makoloni, alizitangaza. Zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930, na Paris mwaka 1931. Hivyo picha zilizochorwa kando ya Lualaba zilitazamwa na watu wa miji mikubwa ya Ulaya wakati ambapo wengi huko waliamini kwamba Mwafrika hana picha ya kuonyesha. Baada ya miaka michache njia ile ya karatasi na rangi ilikatika, na picha zikalala katika makabati ya watu na ya makumbusho.

Zilipoamka, jina lililoamka nazo kwa nguvu lilikuwa la Albert. Mwanamume aliitwa mwanzilishi wa picha za Kongo za karatasi. Mke akatajwa nyuma yake, au hakutajwa kabisa. Hapa tatizo la karakana ya pamoja laonekana wazi. Nyumba ilikuwa moja, rangi ilikuwa moja, na mambo waliyoyachora yalikuwa ya ulimwengu mmoja. Jina la Lubaki peke yake halitoshi kutuambia ni mkono wa nani. Hata herufi ya kwanza haisaidii, kwa kuwa Albert na Antoinette wote huanza kwa A. Mtu mwenye mazoea ya kumfikiria mwanamume kwanza atasoma A akasema Albert, wala hatajua kwamba amechagua. Mwaka 2015 yalifanyika Paris maonyesho makubwa ya picha za Kongo za karibu miaka tisini, na katika orodha ya wachoraji jina la Antoinette Lubaki liliandikwa pamoja na la mumewe. Imechukua muda mrefu, lakini jina limesimama kwa miguu yake.

Tufanye nini basi? Mtu mwenye huruma aweza kusema, "Wanawake wamedhulumiwa, tuwape picha hizo sasa." Huruma hiyo ni njema, lakini haifai kuwa hakimu. Ukimpa Antoinette picha ya Albert bila ushahidi, umerudia dhuluma ile ile kwa mkono mwingine. Judith Leyster hakurudishiwa jina kwa huruma; alirudishiwa kwa herufi mbili na nyota. Picha ya New York haikuondolewa kwa David kwa kuwa watu walipenda wanawake, bali kwa sababu ya mchoro wa ukumbi na tarehe ya mwaka 1801. Mwanahistoria mwema humwuliza shahidi wake maswali yale yale, awe shahidi anaelekea kwa mwanamume au kwa mwanamke. Na mahali ambapo ushahidi hautoshi, kalamu yake huandika bila haya kwamba jambo hili bado linatafutwa.

Lakini njia bora kupita zote ni kuzuia kupotea, maana kitu kisichopotea hakina haja ya kutafutwa. Katika Nigeria, kwenye mji ulioitwa Abuja wakati ule na ambao sasa huitwa Suleja, Mwingereza Michael Cardew alianzisha karakana ya ufinyanzi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1954 alijiunga nayo mwanamke mfinyanzi, Ladi Kwali, aliyekwisha kuwa bingwa kijijini kwao kabla ya kumjua Cardew. Karakana ilikuwa ya wengi, lakini chombo kiliweza kubeba alama mbili: alama ya karakana, na alama ya mfinyanzi mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiinua chungu cha Ladi Kwali hahitaji kukisia. Picha ya mwanamke huyo imewekwa katika noti ya naira 20 ya nchi yake. Katika miaka ya 1970 alikwenda hapo kujifunza kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi, Magdalene Odundo, ambaye leo vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na hakuna anayeuliza ni vya nani.

Alama mbili: huo ndio ufumbuzi wote. Karakana haikunyang'anywa heshima yake, na mkono haukunyang'anywa wake. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Lakini ili kivikwe, sharti kwanza kijulikane ni chanda cha nani.

Sasa turudi Kerio, kwa wale wasukaji tuliowaacha chini ya kivuli. Tuseme wanawake watatu wamekaa pamoja. Mmoja ameanza kitako cha kikapu, wa pili amepandisha ubavu, wa tatu, mwenye jicho zuri la rangi, amepanga mistari myeusi na myekundu. Kikapu hicho ni cha nani? Ukijibu kwamba ni cha kundi, umesema kweli. Ukijibu kwamba ni cha wale watatu, kila mmoja kwa sehemu yake, umesema kweli zaidi. Lakini ukijibu kwamba ni cha yule aliyekinunua akakibandika karatasi yenye jina la duka lake, umefanya kama yule mfanyabiashara aliyepaka rangi juu ya nyota.

Wapo watakaosema kwamba kwetu mambo ya majina si desturi, kwamba kazi ya mikono ni ya jamii nzima, na kwamba kutaka jina ni majivuno ya kigeni. Neno hilo lina heshima yake, lakini natazama nchi ya Turkana naona kinyume chake. Mturkana hampotezi dume wake katika kundi kubwa. Anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo. Anamwimbia, naye mwenyewe huitwa kwa jina litokanalo na dume huyo. Watu wanaomkumbuka ng'ombe kwa jina na kwa wimbo hawawezi kuambiwa kwamba mwanamke aliyesuka, aliyetunga shanga au aliyejenga nyumba kwa mikono yake hana haja ya kukumbukwa. Tena jina si pambo tu. Msukaji ajulikanaye kwa jina huagiziwa kazi yeye mwenyewe na hupatana bei yeye mwenyewe. Asiyejulikana hungoja atakachopewa. Dau la mnyonge haliendi joshi, na unyonge wa kwanza ni kutokuwa na jina mbele ya mnunuzi.

Wewe usomaye maneno haya huenda uko Lodwar, au Kakuma, mji uliopokea wakimbizi wa nchi nyingi tangu kambi yake ilipofunguliwa mwaka 1992. Mahali kama hapo watu hushirikiana vyombo kwa lazima. Kopo moja la rangi huchorea watu wanne, na picha ya ukutani huanzwa na mmoja ikamalizwa na mwingine, kwa sababu wa kwanza amehamishwa kwenda nchi ya mbali. Ukuta ukisha kukauka, nani atakumbuka nani alichora nini? Baada ya miaka hamsini mwanazuoni atakuja na darubini yake, atatafuta nyota katika pembe ya ukuta, na kama hukuiweka hataiona.

Kwa hiyo nakupa kazi ndogo, isiyohitaji fedha wala cheo. Nyumbani kwenu kiko kitu kilichofanywa kwa mkono: kikapu, mshipi wa shanga, kibuyu cha maziwa, picha katika fremu. Muulize mama au nyanya yako ni nani aliyekifanya, mahali gani, na katika mwaka gani au majira ya ukame upi. Uliza pia kama palikuwa na mkono wa pili. Andika majibu katika daftari, jina la mtu kwanza, kisha la mahali. Ikiwa jibu ni la kukisia, andika kwamba limekisiwa. Na siku wewe na wenzako mtakapochora ukuta wa shule, andikeni majina yote chini, ya wasichana na ya wavulana, na kila mtu alichofanya, hata yule aliyekoroga rangi.

Waweza kufikiri kwamba ukurasa mmoja wa daftari ni kitu kidogo mbele ya historia. Kumbuka orodha ile ya Haarlem ya mwaka 1668. Karani aliyeiandika alikuwa na kalamu mkononi, na alikuwa na nafasi ya kutosha katika karatasi. Alihitaji maneno mawili tu, Judith Leyster, akaandika "mke wa marehemu," na watu wakapoteza zaidi ya miaka mia mbili kutafuta kile ambacho karani yule angeweza kukisema kwa mkupuo mmoja wa wino. Siku moja kalamu hiyo itakuwa mkononi mwako. Utakapoishika, andika jina.